Kilo ya Dona kwa Audax

Wachukuzi wawili walikuwa wakitwangana katika soko la Bukoba, na walipoanguka waliangukia meza ya nafaka. Maharage yakamwagika mpaka kwenye viatu vya Kokushubila. Akakusanya pindo la gauni lake la njano, akachuchumaa kumsaidia mwenye meza kuyaokota.

"Dada, acha, utachafuka."

"Nikiacha, kesho utauza nini?"

Audax, mwenye meza, akacheka huku akifuta damu mdomoni. Alikuwa amejaribu kuamulia, ngumi ikampata yeye. Akamfungia kilo ya dona na maharage, na masharti ya ulaji wake juu yake: nusu ya sahani iwe nafaka isiyokobolewa, pembeni maharage na mboga, sukari aisahau, kila tonge alitafune taratibu.

"Mimi Mhaya, ndizi zangu nizipeleke wapi?"

"Kula tu. Ila na mtama uuonje."

Baada ya mwezi simu zilikuwa hazikatiki.

"Mpenzi, leo umetafuna mara ngapi?"

"Arobaini. Taya zinauma, njoo uzikande."

Kokushubila akampeleka Audax nyumbani kwao Muleba, kwa baba yake, mzee Rwekaza, mgonjwa wa kisukari. Mzee aliupenda ulaji ule, akapata nguvu, akarudi kupalilia kahawa. Kaka yake Kokushubila, Avit, mwenye bucha, hakuupenda ulaji huo wala aliyeuleta.

Siku mzee alipoanguka shambani na kupoteza fahamu, daktari aliwaambia mzee alikuwa hajameza dawa zake kwa wiki tatu.

"Ni yule muuza mtama!" Avit akanguruma.

Kokushubila akampigia Audax simu. "Ulimwambia tata, baba yangu, aache dawa?"

"Koku, hata siku moja—"

"Usiniite Koku!" Akakata.

Audax hakukaa. Alifika Muleba mchana uleule, shati limelowa jasho. Avit alimngoja getini pa hospitali na panga la buchani. Kokushubila aliliona. Alisimama kwenye ngazi, kinywa kimefumbwa, moyoni akisema na yampate. Panga likashuka. Audax akakinga kwa mkono, vidole viwili vikaanguka kwenye changarawe. Panga likapanda tena, likampasua bega. Hapo ndipo Kokushubila alipopiga yowe, akamrukia kaka yake, akamng'ata mkono mpaka akasikia ladha ya damu, hadi watu wakamwangusha Avit na kumfunga kamba.

Siku ya pili mzee alifumbua macho.

"Dawa nilizitupa mwenyewe," alisema. "Nilijiona nimepona. Audax kila akija aliniuliza kama nimemeza. Nilimdanganya."

Kokushubila alitoka bila kuaga. Alirudi alasiri, akaingia wodi ya wanaume, akasimama mbali na kitanda cha Audax.

"Nilisimama nikaangalia," alisema.

"Nilikuona."

"Natoka polisi. Nimeandika maelezo, yote. Nimesema ni Avit, na kwamba nililiona panga nikanyamaza."

"Nyumbani watakukataa."

"Mama ameshatupa nguo zangu nje."

Audax hakumwambia amemsamehe. Aliuma meno, akajisogeza kwa bega lililoshonwa mpaka ukingoni mwa kitanda, akampisha nafasi.

"Kaa," alisema. "Nikipona, tutaenda kwa padri kufunga ndoa. Hasira bado ninayo, Koku. Lakini sitaki kuwa nayo peke yangu."

Kokushubila akakaa, akaushika mkono wenye bandeji, akalia kwa sauti mbele ya wodi nzima.