Aliyepima Rangi

Marehemu alikuwa amelala chali kati ya mashine ya kusagia na mota yake, mikono imekunjika mbele ya uso kama mtu anayejikinga na jua. Unga ulikuwa umemfunika mwili mzima isipokuwa usoni na viganjani, ambako moto ulipita kwanza. Ilikuwa saa nne asubuhi. Daktari wa polisi alipiga magoti, akamchunguza puani na kinywani, akasema masizi yamo. Mtu huyu aliuvuta moto akiwa hai.

Inspekta aliandika hilo kwenye daftari lake, taratibu. Kituoni wenzake walimwita Polepole, naye hakuona tusi ndani yake.

Unga uliotulia ndani ya gunia ni chakula. Ukipeperuka hewani na kukutana na cheche, ni baruti. Kila mtu katika kinu kile alilijua hilo. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: cheche ilitoka wapi?

Mhandisi mkuu alikuwa na jibu kabla hajaulizwa. Alionyesha mota iliyoungua, nyaya zake za shaba zimekuwa nyeusi, vanishi imechemka na kuganda kama lami. Akaeleza kwamba mota hiyo ilisukwa upya nyaya zake wiki tatu zilizopita na fundi mmoja wa mtaani, mwanamke anayeitwa Mama Koili. Kazi mbovu, akasema. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri: cheti cha upimaji, kina sahihi ya fundi huyo, kinachosema mota ni salama.

Saa sita Mama Koili alikuwa mahabusu.

Jambo lililomuuma halikuwa mahabusu. Marehemu, mwendesha mashine ya kusagia, alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Kabla jua halijageuka, kaka zake marehemu walishatuma neno: mwanamke huyo asikanyage msibani. Mdogo wake fundi alilisikia neno hilo likitumwa, hakumtetea.

Kinu kile hakikuwa na kumbukumbu, ila wafanyakazi wake walikuwa nayo. Bomba la mvuke lilipopasuka, kosa likawa la mchochea tanuri. Mkanda ulipomkata mtu mkono, kosa likawa la mkono. Tangu msingi wa jengo uchimbwe, hakuna mwenye cheti aliyewahi kukosea.

Alasiri Inspekta alirudi peke yake kwenye mota. Akapangusa kibati chake cha maelezo kwa leso, akasoma. Daraja la joto F: msuko wake unavumilia nyuzi mia moja hamsini na tano. Ganda: IP 55, yaani limefungwa, halipitishi vumbi la kuidhuru mota. Kisha akapeleka mkono pembeni. Vidole vinne vikazama ndani ya mota mpaka kwenye pingili za kati.

Ganda lile lilikuwa na madirisha makubwa pande zote mbili, na kila dirisha lilikuwa limezibwa na unga uliookwa ukawa mkate.

Akaenda mahabusu, akaketi kwenye benchi, akampa Mama Koili kile cheti.

"Mota uliisuka wewe?"

"Mimi. Kila koili."

"Na sahihi hii?"

"Si yangu, afande. Hata ingekuwa imefanana, namba zingenikana."

"Namba zina nini?"

Mama Koili akaweka kidole kwenye namba. "Kihami cha nyaya, ndicho kinachozuia umeme usivuje: kipimo cha baridi, megaohm mia mbili. Kipimo cha moto, mia nne. Mota ikipata joto, kihami kinalegea na kipimo kinashuka. Kila ikiongezeka nyuzi kama kumi, kinabaki nusu. Hapa kimepanda. Aliyeandika haya ameipima mota kwa kalamu."

Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni. Miaka ishirini na sita amesuka mota. Hakusomeshwa na mtu. Alifungua mbovu akahesabu mizunguko yake waya kwa waya, akaifunga upya, ikaunguruma. Pampu za maji za mji ule zilikuwa zinazunguka kwa mikono yake, na wanaooga kwa maji hayo hawajui.

Akaeleza yaliyobaki. Mota ile ilikuwa ya ganda wazi, inajipoza kwa hewa ya nje, mahali pake ni chumba safi cha pampu. Unga ukiziba madirisha yake, inapata joto, nyaya zinaungua na kurusha cheche. Siku walipokuja kuichukua alimwambia mhandisi asiipeleke kwenye unga. Alimwambia getini, mbele ya wapakiaji. Mota ya ganda la kufungwa wanayo, iko stoo, inadai beringi tu.

"Akajibu nini?"

"Akaniuliza nimesoma chuo gani. Wapakiaji wakacheka." Akamrudishia karatasi. "Baadaye wakacheka tena, maana nilimwambia unga nao haujasoma."

Stoo ya kinu haikuwa mbali. Inspekta na koplo wake walifunua turubai, wakaikuta mota ya pili: ganda zima, mapezi ya kupozea yamejipanga kama mbavu, haina hata tundu la kupitisha sindano. Ubavuni palikuwa na alama ya mstatili ambapo rangi haikufika, na matundu manne ya ribiti, vile visumari vya kushikia kibati, zilizotobolewa. Chembe za chuma zilikuwa bado zinang'aa sakafuni. Kibati cha mota hii kilikuwa kimehama.

Koplo alitaka mhandisi akamatwe hapo hapo. Inspekta akasema kibati kinaweza kuhamishwa na mtu yeyote mwenye drili. Alimtaka mwenye kalamu.

Asubuhi iliyofuata aliwaita wote kwenye karakana ya Mama Koili. Fundi alikuja bila pingu. Mdogo wake alisimama mlangoni, kanga kichwani, uso umevimba kwa kilio. Hakusalimia mtu.

Mezani palikuwa na mota ndogo nzima, na mega, kile kisanduku cha mpini cha kupimia kihami. Inspekta akamwomba mhandisi, kwa heshima zote, awapimie.

"Hii ni kazi ya mafundi," mhandisi akasema.

"Ndiyo maana nimekuomba wewe. Utatufundisha."

Mhandisi akashika koleo za mega. Moja akaibana kwenye ncha ya waya, ya pili kwenye ganda la mota, juu ya rangi ya kijani iliyokolea. Akazungusha mpini. Mshale ukakimbia mpaka mwisho wa kioo.

"Salama kabisa," akasema.

Mama Koili akajizuia, akashindwa.

"Umepima rangi, Mhandisi."

Akachukua tupa, akakwangua ganda mpaka chuma kinachopitisha umeme kikaonekana, akabana koleo hapo. Megaohm mia tatu na themanini. Kisha akaiwasha mota na kuibebesha mzigo saa mbili nzima, hata ganda likawa haliguswi. Akaizima, akapima. Kumi na nne.

Mhandisi alijitetea kwamba joto hukausha unyevu, kwa hiyo kipimo lazima kipande.

"Unyevu ukikauka, faida yake utaiona mota ikishapoa," Mama Koili akajibu. "Ikiwa bado ya moto, kipimo kiko chini. Hili halimo kwenye cheti chako?"

Inspekta akaiweka ile karatasi mezani.

"Nani aliandika mia nne?"

"Fundi mwenyewe."

"Fundi mwenyewe hawezi kukosea hivyo. Umemwona."

"Labda karani."

"Kibati kilihamishwa na karani?"

Inspekta akafungua daftari lake.

"Marehemu alikuja kwako mara ngapi kuilalamikia mota?"

Mlangoni mjane aliinua uso. Alikuwa ameshamwambia Inspekta, jana jioni, kwamba mumewe alirudi nyumbani mara mbili akilalamika mota inanuka.

"Mara mbili," mhandisi akasema hatimaye. "Mota ilikuwa inajizima kila saa. Kikata umeme kilikuwa kinahisi joto."

"Ukafanya nini?"

"Nilikipandisha kiwango, mota isijizime tena."

Hapo maneno yakaanza kumtoka yenyewe. Baada ya moto alikwenda stoo, akang'oa kibati cha mota ya kufungwa, akakigongelea kwenye mota iliyoungua badala ya kile chake, ionekane ni ya kufungwa, kabla polisi hawajafika. Cheti alikiandika ofisini, mlango umefungwa.

"Mota ya kufungwa ilikuwa stoo," Inspekta akasema. "Beringi zinabadilishwa kwa siku moja. Kwa nini?"

Mhandisi akamtazama Mama Koili, kisha wapakiaji waliojaa dirishani.

"Aliniambia mbele yao," akasema. "Ningeitoa ile ya stoo, ingekuwa nimefundishwa kazi na mwanamke asiye na hata cheti cha darasa la saba. Nilisema nitasubiri mwezi mmoja, wasahau, ndipo niibadilishe."

"Mwezi haukufika," mjane akasema. Ndiyo maneno pekee aliyomwambia.

Koplo akamtia mhandisi pingu: kuua bila kukusudia, na kughushi hati. Inspekta akafungua faili ili aandike ushahidi wa kitaalamu, kalamu ikasimama kwenye mstari wa cheo cha shahidi. Akamuuliza Mama Koili aandike nani. Mtaalamu wa mota za umeme, ingefaa?

"Mtaalamu ni yule mnayempeleka rumande," akasema. "Mimi andika fundi."

Inspekta akaandika fundi, kwa herufi kubwa.

Mdogo wake Mama Koili akaingia karakanani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akachukua kitambaa mezani, akamfuta dada yake grisi mikononi, kidole kwa kidole, bila haraka.

"Twende, dada," akasema. "Shemeji zangu wako nje. Wamekuja kukuchukua wenyewe. Hatuwezi kumzika bila wewe."