Fundi wa Lifti na Albamu ya Tano

Foleni ilianzia mlangoni pa mkahawa, ikashuka ngazi, ikakunja kona hadi mbele ya duka la miwani. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, mtaa wa Hapjeong jijini Seoul umefurika wasichana wenye mikoba iliyoning'inizwa vikaragosi, na wote walikuja kunywa kahawa kwa heshima ya kijana ambaye hakuwepo. Ndivyo ifanywavyo: siku ya kuzaliwa ya mwanamuziki, mashabiki hukodi mkahawa, huzijaza kuta picha zake, na kila anunuaye kinywaji hupewa kikombe chenye sura yake na kadi ya picha ndani ya bahasha.

Pyo Haerim alikuwa wa arobaini hivi. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, koti la rangi ya krimu, nywele usawa wa kidevu, kucha fupi kwa sababu kazi yake ni kuchonga meno ya bandia. Alilipenda kundi la kijana huyo, Yeoul, tangu siku lilipoanza kuimba, miaka tisa nyuma, na foleni zake hazikuwa na jipya kwake. Jipya lilikuwa mwanamume aliyesimama mbele yake amevaa ovaroli la bluu, buti zina grisi, bisibisi tatu mfukoni.

"Samahani," mwanamume akageuka. "Hapa mtu ananunua kahawa tu, au kuna mtihani?"

"Umemfuata nani hapa?"

"Wimbo. Mimi fundi wa lifti. Jana kuna binti alikwama ghorofa ya kumi na moja, akawa anapiga wimbo kwenye simu ili asiogope. Nimemtoa, lakini wimbo umebaki na mimi. Amenielekeza hapa."

"Uimbe basi."

Hakuimba maneno. Akatoa besi peke yake, taratibu, kidole kikigonga ukuta: dum, dum-dum, kimya, dum. Wasichana waliokuwa mbele wakaziba midomo. Haerim hakucheka.

"Albamu ya pili, wimbo wa nne," alisema. "Umezaliwa mwaka gani?"

Akamtajia. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka miwili.

"Basi niite dada."

"Sitaki."

"Adabu umeiacha kwenye lifti?"

"Dada haombwi namba ya simu."

Haerim akatazama kando ili asionekane anatabasamu. Namba akampa, lakini kwa sharti. Fundi huyo, jina lake Eom Taeju, angesikiliza Yeoul kwa mpangilio, albamu moja kwa wiki, na kila Jumamosi adhuhuri angekuja kwenye kibanda cha tambi za kukatwa kwa kisu, soko la Mangwon, kueleza alichosikia.

"Usiruke hata moja. Na ukifika ya nne, simama."

"Kwani ziko ngapi?"

"Sita."

"Hizo mbili zina ubaya gani?"

"Foleni inasogea, fundi. Sogea."

Jumamosi ya kwanza Taeju alikuja na ovaroli lile lile, akapuliza bakuli lake, akaanza.

"Walikuwa watoto. Kila ala inalia kwa wakati mmoja, kama watu wanaoingia kwenye lifti kabla wengine hawajatoka. Lakini kuna mmoja sauti yake ina ufa. Huyo ndiye aliyenifanya nisizime."

"Baekha," Haerim alisema, akakoroga mchuzi ambao hauhitaji kukorogwa.

Albamu ya pili, fundi akasema, wamegundua kunyamaza. Besi imepewa nafasi ya kupumua. Ya tatu wana hasira, wanaimba kama waliovalishwa nguo za jirani. Haerim akashangaa, maana ni kweli: mwaka ule walilazimishwa kufuata mtindo wa wengine. Miaka tisa alizijua nyimbo hizi, na hakuwahi kuzisikia zikielezwa na mtu anayesikiliza mashine akitafuta kinacholia vibaya.

Kati ya Jumamosi na Jumamosi kulikuwa na simu.

"Uko wapi?"

"Juu ya lifti, ghorofa ya ishirini na mbili."

"Kwa nini hunipigii ukiwa chini kama binadamu?"

"Huku juu hofu yangu yote inaishia kwenye kimo. Haibaki ya kukuogopa wewe."

"Shika chuma, mjinga wewe."

"Nimeshika. Sema tena mjinga."

Jumamosi ya nne alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, nywele zimekatwa, shingo inanukia sabuni. Muuza tambi, mama mwenye kinywa chepesi, akamtazama juu hadi chini. "Leo ndiyo anachumbia, au nini?" Taeju akawa mwekundu hadi masikioni.

"Ya nne wanaimba kama watu walioishi nyumba moja," alisema. "Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Halafu inaisha."

Ndipo Haerim alipomweleza. Baada ya albamu ile Baekha aliondoka. Barua ya aya moja asubuhi, na kufikia adhuhuri picha yake ilikuwa imeshushwa ukutani kwenye ofisi za kampuni. Mwaka uliofuata wenzake sita wakatoa ya tano kana kwamba hawakuwahi kuwa saba. Haerim aliinunua kwa mazoea. Hadi leo iko rafuni, plastiki yake haijachanwa.

"Nilichojifunza," alisema, "ni kwamba mtu anaweza kukuaga kwa aya moja, na waliobaki wakapanguza meza."

Taeju alimsogezea figili zilizochachuliwa, zile alizojua anazipenda. Siku hiyo wakanunua tiketi mbili, viti vya kando kwa kando, za onyesho la Yeoul la kwanza tangu wavulana wamalize utumishi wa lazima jeshini.

Jumamosi ya tano akaharibu.

"Nimesikiliza ya tano," alisema hata kabla hajakaa. "Haerim, ndiyo bora kuliko zote."

Kijiko kikasimama. "Bora bila yeye."

"Sikusema hivyo. Mle ndani kuna—"

"Nilikuambia usimame kwenye ya nne."

"Ungesikiliza mwenyewe unge—"

"Umefika juzi, Taeju. Juzi. Mimi nimekaa kwenye mvua ya kundi hili miaka tisa, na wewe wa juzi unanionyesha nani alistahili kuondoka."

Akachukua koti lake. Simu ya Taeju akaiacha iite siku hiyo, na siku ya pili, na wiki mbili. Hakuwa na hasira za wiki mbili. Za siku tatu zilimtosha. Kilichobaki kilikuwa woga wa wazi kabisa: ameshampenda mtu huyu, na anayekuja kwa urahisi vile huondoka kwa urahisi vile. Afadhali afunge mlango yeye.

Lakini kiti ni kiti. Jumapili, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa Jamsil umejaa taa za mkononi za rangi ya maji, Taeju alikuja akaketi kando yake. Shati jeupe. Wakasalimiana kama majirani wa ghorofa.

Muziki ukaanza, na mashabiki wakaanza wito: majina ya waimbaji, mkubwa hadi mdogo, watu elfu kumi kwa sauti moja. Jina la nne likapita. La tano lilikuwa la Baekha, na tangu aondoke mashabiki huliacha wazi. Pigo moja la kimya, kisha la sita. Hakuna aliyelipangia kanuni. Ni ada, na kila mtu aliijua.

Kila mtu isipokuwa mmoja.

"Nam Baekha," Taeju alinguruma peke yake katikati ya kimya kile, kwa mapafu ya mtu aliyezoea kuita toka ndani ya shimo la lifti.

Vichwa vikageuka. Msichana wa mbele akasonya. Mwingine akamwelekezea simu ampige picha. Haerim akainuka, akapenya magoti ya watu, akatoka hadi kwenye korido. Taeju alikuwa nyuma yake.

"Umekuja kunidhihaki?"

"Nilikuja kukufurahisha." Alikuwa anahema. "Nimejifunza wito kwenye video. Wiki mbili, kila siku, juu ya lifti. Nimechukua ya zamani, alipokuwepo, kwa sababu nilijua ndiye unayemtaka. Sikujua mnanyamaza."

Haerim akamtazama usoni akitafuta mzaha. Hakuuona. Aliona mtu aliyetaka kuzama sakafuni.

Nyuma ya ukuta wimbo ukabadilika. Kwenye korido hayakufika maneno, ila ngoma na besi.

"Huu ni wa ya tano," Taeju alisema. "Nisikilize mara moja tu, kisha nifukuze. Ubeti wa pili. Anaingia Juwon. Baada ya Juwon kwa kawaida huwa nani?"

"Baekha."

"Haya. Hesabu."

Sauti ya Juwon ilipita ukutani kama mvumo, ikaisha. Ikabaki besi. Mstari wa kwanza, hakuna aliyeimba. Wa pili. Haerim akashika ukuta. Wa tatu. Wa nne. Kisha wote sita wakaingia pamoja.

"Nyimbo kumi," Taeju alisema. "Zote kumi wameacha pale pale, mistari minne. Fundi akiona shimo hajazi kifusi. Anauliza nani anangojewa apite hapa. Ndicho nilichotaka kukuambia kule sokoni. Nilianza vibaya."

Machozi yalimtoka Haerim bila kelele, na hakuyafuta. Miaka mitano aliwahukumu watu kwa albamu ambayo hakuifungua.

"Nilijua utaniaga kwa aya moja," alisema mwishowe.

"Mimi kuandika siwezi. Ingebidi nije mwenyewe, na nikija najua sitaondoka."

Akacheka huku analia, akamshika mkono, ule wenye harufu ya grisi isiyokubali sabuni. Wakarudi ndani. Wimbo mwingine wa albamu ile ulikuwa umeshaanza, ukumbi mzima unauimba, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Pyo Haerim alisimama kati ya mashabiki wa Yeoul asijue neno hata moja. Taeju akainama, akawa anamtangulizia kila mstari sikioni, sauti yake imetoka kabisa nje ya ufunguo wa wimbo, na Haerim akawa anamfuata hivyo hivyo.