Pikipiki ya Kiti Kimoja

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe nne Mei, 1965, na jua la Homa Bay lilikuwa limeshaanza kuuma. Asubuhi hiyo Nicanor alikwenda kununua pikipiki yake ya kwanza. Pikipiki aliipata. Lakini mwanamke aliyeinunua ili amfikie, siku hiyo alianza kumpoteza.

Mbele ya karakana ya Mayaka, Mkisii mnene mwenye ovaroli iliyokuwa bluu zamani, zilisimama pikipiki mbili. Moja ilikuwa BSA nyeusi, mali ya padri aliyerudi kwao, kiti chake kirefu kama benchi la kanisa. Nyingine ilikuwa Honda ndogo nyekundu, kiti kimoja, na nyuma keria ya chuma ya kufungia mizigo.

"Ushawahi kuendesha?" Mayaka aliuliza.

"Baiskeli."

"Baiskeli haina hasira, omera, ndugu yangu. Panda hii kubwa tuone."

Nicanor alipanda. Miguu yake mifupi ilitafuta ardhi, ikaigusa kwa ncha za vidole tu. BSA ikaegemea kushoto, ikaendelea kuegemea, ikalala naye. Watu waliokuwa wakingoja basi walicheka mpaka mwanamke mmoja akatua kapu lake la samaki chini apate kucheka vizuri.

"Usiikimbie! Iinue mwenyewe," Mayaka alisema. "Siku ikikulalia kwa matope ya Rodi Kopany, mimi sitakuwa huko."

Nicanor alikuwa kuli wa gati, magunia ya pamba ndiyo yaliyomlea. Lakini chuma kile kilikataa. Alijaribu tena, shati likapasuka kwapani. Mayaka akamsogezea Honda. Hapo nyayo zote mbili zilitua chini, bapa, kama mtu aliyesimama nyumbani kwake. Akailaza makusudi, akaiinua bila kukunja uso.

"Hii ndiyo ya mtu anayejifunza," Mayaka alisema. "Sasa mama atakaa wapi? Njoo Jumamosi nikufungie kiti cha pili."

"Hapana."

"Si una mtu Migori? Ama ni uvumi?"

"Nimesema hapana, Mayaka. Kiti kimoja."

Alilisema kwa sauti iliyomfanya Mayaka afute mikono na kuliacha. Lakini yule mwanamke wa kapu, Phelesia, alikuwa amesikia yote. Phelesia alipeleka samaki Migori kila wiki, na maneno aliyabeba bila nauli.

Mtu wa Migori alikuwa Leonida, fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Walikutana gatini mwaka uliotangulia, meli ikishusha mizigo na watu wakisukumana. Alikuwa amevaa gauni la njano, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akilitafuta robota la vitambaa la tajiri wake. Nicanor alikuwa amelikalia, anakula muhogo.

"Baba, umekalia magauni ya watu."

"Basi yatakuwa magauni yenye bahati."

"Yatakuwa magauni yenye muhogo. Inuka."

Aliinuka, na tangu siku hiyo hakukaa tena vizuri. Kila Jumapili alingoja basi la Migori, ambalo lilikuja likitaka na likaharibika likitaka. Leonida naye alingoja upande wa pili mpaka poda ikamtoka usoni. Ndipo Nicanor alipouza pamba yake na ng'ombe wawili, akaapa hatangoja tena gari la mtu.

Alhamisi alikwenda posta kupiga simu. Mhindi aliita jina la Leonida, viatu vikasikika vikija.

"Jaber, mrembo wangu, nimenunua!"

"Nimesikia. Nyekundu."

"Nani amekuambia?"

"Samaki." Waya ulikwaruza. "Na nimesikia ina kiti kimoja. Fundi alitaka kukuwekea cha pili, ukakataa mbele ya watu. Phelesia amenidanganya?"

"Hajadanganya, lakini..."

"Mwaka mzima unaniambia utanitoa kwa basi, Ja-Rangwe. Sasa mimi nitakaa wapi? Nifungwe kwa keria kama mbuzi?"

"Usikae kwa keria!" Nicanor alipiga kelele, karani wa posta akainua kichwa. "Kamwe! Unanisikia?"

Waya ulikwaruza tena.

"Nimekusikia," Leonida alisema polepole. "Endesha peke yako basi."

"Haloo? Haloo?"

"Amekata yeye," karani alisema. "Si sisi."

Kulikuwa na jambo ambalo Nicanor hakuwa amemwambia Leonida. Alimwambia kwamba mkewe Benta alikufa. Hakumwambia alifia wapi.

Benta alishikwa na homa kule Rangwe, kwao Nicanor, mwaka wa 1961. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeoshwa, linang'aa. Lakini siku hiyo lilikuwa likibeba viti vya baraza, kwa sababu mkubwa fulani alikuwa anakuja kuwaambia watu jinsi serikali inavyowajali. Dereva alisema amri ni amri. Nicanor akampakia mkewe kwenye keria ya baiskeli, akakanyaga kuelekea hospitali. Benta alimkumbatia kiunoni, shavu mgongoni, moto kama chungu. Karibu na mji mikono ikalegea. Nicanor alifurahi, alidhani amepata usingizi. Akapunguza mwendo asimwamshe.

Uhuru ulipokuja, mtu mwingine alikalia kiti cha yule mkubwa. Viti vya baraza bado vilibebwa na gari lilelile.

Wazee walimwambia mgane haoi mpaka marehemu amjie ndotoni na kumwachilia. Miaka ilipita, Benta hakuja. Wazee walipouliza, Nicanor alisema amekuja, kwa kuchoka kuulizwa. Mgongo tu ndio uliomkumbuka, pale pale shavu lilipolala, padogo kama kiganja.

Alijifunza kuendesha uwanjani, akianguka na kuinuka, magoti yakichubuka kama ya mtoto. Alipoweza kubadili gia bila kutazama chini, alishika njia: Rodi Kopany, Rongo, mpaka Migori, vumbi likimjaa nyusi.

Leonida alikuwa barazani, blauzi ya bluu yenye kola nyeupe, futi ya kupimia shingoni. Hakusimamisha cherehani.

"Umekuja kushonewa?"

"Nimekuja kukuoa, nyar Suna, binti wa Migori. Lakini sitaki kukubeba."

Cherehani ikasimama.

"Utanioa halafu nikufuate kwa miguu? Unaniaibisha, Nicanor. Soko zima linajua pikipiki yako haina nafasi yangu. Kama ni mwingine, sema."

"Ni mwingine."

Leonida alimtazama. Nicanor aliketi kwenye ngazi ya baraza, akampa mgongo, akamweleza yote: gari lililooshwa, viti, keria, mikono iliyolegea. Hakulia. Alieleza kama mtu anayeshusha gunia la mwisho la siku. Mwishowe akasema hata ile ndoto hajaiota, aliwadanganya wazee.

"Na daraja la njia ya hospitali limeng'oka tena," aliongeza. "Niliwauliza watu wa barabara. Wanasema bajeti. Ukiugua wewe, nitakupitisha wapi?"

"Mimi si mgonjwa."

"Hata yeye hakuwa mgonjwa, kabla."

Leonida aliokota mabaki ya vitambaa chini ya meza, ya njano yakiwemo, akayajaza kwenye mfuko wa khaki, akaushona mdomo. Aliteremka barazani na mto ule, akaufunga kwenye keria kwa kamba, akaupiga kofi kuona kama utateleza. Mhindi alitoka mlangoni, akaona, akarudi ndani.

"Panda," Leonida alisema.

"Leonida..."

"Panda, baba. Nyayo chini, kama ulivyofundishwa."

Alipanda. Nyayo zilitua bapa. Nyuma alisikia springi zikishuka kidogo. Leonida aliketi upande, akakusanya sketi, akampitishia mkono kiunoni. Kisha, taratibu, akaegemeza shavu mgongoni kwake, pale pale.

Mguu wa Nicanor ulitafuta kiki ya kuwashia, ukaikosa, ukaipata.

"Usiwashe kwanza," Leonida alisema. "Niambie ukweli. Hapo nilipoegemea, unamsikia nani: ni mimi, au bado ni yeye?"