Wahida Auliza Kwanza

Wahida alikuwa fundi wa kofia pale Bagamoyo. Alizishona kwa mkono, tundu baada ya tundu, na wanaume walizivaa sikukuu na siku za arusi. Alipopewa talaka alirudi kuishi na mama yake, Bi Fatu. Kila alfajiri walisali, wakanywa chai ya tangawizi, kisha Wahida akatandika mkeka na kushika sindano.

Lakini siku hizo mkono ulishona, na jicho lilikuwa kwenye simu. Ndani ya simu alikuwamo mtu.

Asubuhi moja ya Jumanne, jirani yao Mina alipiga hodi uani. Mina alifanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo kwenu?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Naomba kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Yetu haina meno, kama babu."

Bi Fatu alicheka. "Ingia ndani, umuulize shoga yako."

Mina alifungua mlango wa chumba cha Wahida, akasimama. Chumba kizima kilinukia. Chetezo kilikuwa chini ya tenga, na juu ya tenga lilikuwa limetandazwa baibui jipya.

"Udi siku ya Jumanne?" akauliza Mina. "Arusi ya nani hii, mbona mimi sikualikwa?"

"Funga mlango! Mama asisikie."

Mina alifunga. Wahida akaeleza kwa sauti ya chini. Yule mtu aliitwa Abdullatif. Walijuana katika kundi la simu la watu wanaotafuta wenza. Alisema anafanya kazi katika hifadhi ya Saadani. Leo ndiyo siku waliyopanga kuonana kwa mara ya kwanza.

"Ana dini, Mina. Kila alfajiri ananiandikia niamke nikasali."

"Mashallah. Mtaonana wapi?"

"Kwenye nyumba ya rafiki yake, shambani, mbele ya Makurunge. Atanitumia bodaboda wake anifuate."

"Na nani anajua unakwenda huko?"

"Wewe, sasa hivi. Amesema nisimwambie mtu mpaka mambo yaive. Anataka kunisitiri. Si unajua mji wetu na maneno! Mwanamke mtalaka akionekana na mwanamume, kabla hajafika nyumbani habari zimeshafika."

"Uso wake umewahi kuuona? Mkaongea kwa simu mnatazamana?"

"Kamera yake mbovu. Ametuma picha tu."

Mina aliacha mzaha. Aliketi kitandani.

"Shoga yangu, mimi nakaa mapokezi, naona mengi. Juzijuzi alikuja dada mmoja wa heshima zake kumwona mtu wa mtandaoni. Naye aliambiwa asimwambie mtu. Aliingia akitabasamu. Alitoka analia, hana simu, hana pochi. Tulipomuuliza tumpigie nani, aliona haya hata kutaja jina la dada yake. Yeye alikuwa mjini, watu tupo. Wewe ukipiga kelele kule shambani, atakusikia nani?"

"Lakini nimesali istikhara, Mina. Nikalala, nikaamka moyo mweupe."

"Umefanya vyema. Umemwomba Mungu akuonyeshe. Basi usifumbe macho."

Wahida aligeuza baibui juu ya tenga.

"Na hiyo sitara anayokwambia si sitara," Mina akaendelea. "Sitara ni kama baibui. Unalivaa, unapita katikati ya watu, nao wanakuona na kukuheshimu. Huyu anataka kukutia kwenye gunia. Mtu akikufunga kwenye gunia, hakuna anayejua uko wapi."

Maneno hayo yalimwingia Wahida. Hata hivyo alikuwa na hofu nyingine. "Nikimuuliza sana atakimbia. Umri unakwenda, Mina. Wewe una mume, hujui upweke wa jioni."

"Kweli, siujui. Lakini hebu niambie, mtu alipokuja kuposa kwenu zamani, wazee walifanya nini?"

"Waliulizia. Walimtuma mtu kwenye msikiti anaosali mposaji. Akauliza na majirani."

"Na mwenye nia njema alikimbia?"

"Hakukimbia. Alijua ndiyo desturi."

"Basi simu haikuifuta desturi."

Wahida alichukua simu. Aliandika mwenyewe: *Kaka Abdullatif, unasali msikiti gani? Imamu wenu ni nani? Na leo tuonane hapa mjini, kwenye mgahawa wa karibu na stendi, mchana, penye watu.*

Wakati huohuo Mina alimpigia shangazi yake wa Saadani, mkaushaji wa samaki. Akamtumia na ile picha ya Abdullatif. Shangazi hakukawia kujibu. "Kijiji chetu hiki, mgeni akipiga chafya tunajua. Mtu huyo simjui, na nimewaonyesha na wenzangu. Hakuna anayemjua."

Jibu la Abdullatif nalo likaja. Kwanza lilikuwa tamu: "Mpenzi, mbona hivyo? Huniamini?" Kisha likaja chungu: "Unanipeleleza kama polisi?" Jina la imamu hakulitaja. Kisha simu ikaleta sauti yake. "Mwanamke wa umri wako unaringa nini? Njoo leo. Usipokuja, ile picha yako ya kichwa wazi nitaisambaza Bagamoyo nzima."

Wahida akadondosha simu kwenye mkeka. Ni kweli. Wiki iliyopita aliombwa picha, naye akatuma moja bila mtandio.

"Nimekwisha," akasema. "Bora niende tu, yaishe."

"Hayaishi!" Mina akamshika mikono. "Ukienda leo, kesho atataka jingine. Ukimpa fedha, atataka zaidi. Usimjibu. Usifute kitu, ujumbe wake ndio ushahidi. Tutaupeleka polisi kwenye dawati la jinsia. Kumtishia mtu kwa picha yake ni kosa."

"Na mama?"

"Mama umwambie wewe. Yule mtu ana nguvu juu yako kwa sababu ni siri."

Hapo ndipo Wahida alipoonyesha ushujaa wake. Kwenda polisi kulikuwa na uzito, lakini kusema na mama kulikuwa na uzito zaidi. Alisema bismillahi, akafungua mlango, akapiga magoti mbele ya Bi Fatu. Akasema yote, hata la picha hakulificha.

Bi Fatu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake.

"Nywele hizi nimezisuka mimi," akasema. "Kuzituma umekosea, tubu kwa Mola wako, naye ni mwingi wa kusamehe. Lakini mwizi ni yeye, si wewe. Vaa baibui lako twende. Lishanukia, lisiende bure."

Walikwenda wote watatu. Askari wa kike aliwapokea kwa upole, akasoma ujumbe wote na kuandika maelezo. Alimwonyesha Wahida jinsi ya kumfungia mtu yule asiweze kumpigia tena. Jioni Wahida alimweleza na kaka yake. Nyumba nzima ikajua, na hakuna aliyemkimbia. Picha haikuonekana popote. Na kama ingeonekana, Wahida hakuwa tena na mtu wa kumficha.

Watu wengi wangetupa simu kisimani. Wahida hakuitupa. Alisema, "Kisu kikikukata hukitupi. Unajifunza kukishika."

Miezi ikapita. Katika kundi lilelile alimsalimia mtu mwingine, Ridhiwani, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, aliyefiwa na mkewe. Wahida hakutuma picha ya aibu. Hakutaja anapoishi. Aliuliza kwanza.

Ridhiwani alijibu siku hiyohiyo. Alitaja msikiti. Alituma namba ya imamu, akaongeza na ya kaka yake. Walipoongea kwa simu wakitazamana, uso ulikuwa uleule wa picha, isipokuwa mvi zilikuwa nyingi zaidi.

"Picha ni ya kabla ya mvi," akakiri.

Kaka yake Wahida alikwenda Kiwangwa kuulizia. Akarudi na habari njema na mananasi mawili.

Siku ya kuonana ilipangwa mgahawani, saa nne asubuhi. Wahida aliwaambia mama na kaka yuko wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Alipanda bodaboda ya mtu anayemjua. Chai yake hakuiacha mezani peke yake. Na Mina alikaa meza ya pembeni, amejifunika ushungi hadi kwenye nyusi, anajifanya hamjui mtu.

Ridhiwani alikuja, akasalimu, akaketi. Lakini kila mara macho yake yalikimbilia meza ya nyuma. Hapo alikaa mama mmoja mnene, amemtolea Wahida macho kama anayenunua ng'ombe.

"Kaka Ridhiwani," Wahida akauliza, "yule mama unamjua?"

Ridhiwani aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Ni dada yangu, Chausiku. Nimeambiwa mitandaoni kuna wanawake wanaowatilia watu dawa kwenye chai, nikaogopa kuja peke yangu."

Wahida alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Akaonyesha meza ya pembeni. "Na yule aliyejifunika pale ni jirani yangu. Kaja kunilinda na wewe."

Ridhiwani alicheka mpaka mwenye mgahawa akageuka. "Basi uko vizuri," akasema. "Mwanamke anayejilinda hivi atailinda na nyumba."

Wakawaita walinzi wao. Chausiku na Mina wakasogeza viti, wakaagiza chapati na maharage, na kabla chai haijapoa walikuwa wanaulizana koo zao. Wiki iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, mshenga alipiga hodi kwa Bi Fatu, mlango wa mbele, mchana kweupe, majirani wote wakitazama.