Tromboni Wakati wa Matangazo

— Mwaka mzima unanidanganya! Hiyo tromboni yako unampigia nani?

Bomba aliisogeza simu mbali na sikio. Hivyo ndivyo walivyomwita kwenye bendi ya kipindi cha runinga, kwa sababu ya lile libomba lake la shaba. Aliyekuwa akimfokea ni mpenzi wake, mshonaji, ambaye kila Ijumaa huacha cherehani akakaa mbele ya runinga.

— Nakupigia wewe, mpenzi! Kila Ijumaa mtangazaji akishasema "msiondoke," nasimama napiga wimbo wetu.

— Sijausikia hata siku moja. Mama alinionya. Leo kipindi kikiisha nampigia yule mwenye duka la dawa anayetaka kunioa, namwambia nimekubali.

Simu ikakatwa. Bomba aliduwaa. Uongo aliwahi kuusema, si malaika, lakini si kwa hili. Akamfuata kiongozi wa bendi.

— Kaka, hivi mimi sisikiki?

— Lini?

— Tukienda mapumziko. Pale unaponiachia nipige peke yangu.

Kiongozi akamkodolea macho.

— Umewahi kukitazama kipindi hiki ukiwa nyumbani?

— Nitakitazamaje, na mimi nimo humu?

— Loo! Wakati wa mapumziko nyumbani wanaoneshwa matangazo. Wewe unawaburudisha hawa wa ukumbini tu. Masikini shemeji yangu, mwaka mzima anatazama sabuni!

Akacheka mpaka akashika mbavu. Bomba hakucheka. Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: "Leo usibanduke kwenye runinga. Nakuomba." Ukasomwa, haukujibiwa.

Jioni, kipindi kikiwa hewani moja kwa moja, mtangazaji akageukia kamera.

— Msiondoke, tukirudi tutakuwa na...

Bomba hakungoja amalize. Alisimama akaupuliza wimbo juu ya maneno ya mtangazaji. Mtangazaji akabaki mdomo wazi. Mpiga kamera, kwa mazoea ya kufuata sauti, akamgeuzia kamera. Midomo ilimtetemeka, noti mbili zikamponyoka, na aliogopa kama siku yake ya kwanza kazini. Hata hivyo aliufikisha mwisho.

Mwongozaji wa kipindi alimsubiri mlangoni.

— Una wazimu? Mwezi mzima nisikuone hapa! Na mshahara usahau!

— Sawa, bosi.

Hata kabla hajaifunga tromboni, simu ikaita. Akapokea, akasikia kwikwi.

— Mpenzi, umesikia?

— Nimesikia. Na mama kasikia. Anasema umeupiga vibaya.

Machozi yakamtoka Bomba, wala hakuyafuta.

— Nisamehe. Sikujua kama huko nyumbani hausikiki.

— Wamekufukuza?

— Wamenisimamisha mwezi, bila mshahara.

Kisha mshonaji akapenga kamasi.

— Njoo kesho asubuhi, umweleze mama mwenyewe kwamba hukunidanganya. Yule mwenye duka la dawa nimeshamwambia hapana.