Chandarua cha Kitanda cha Harusi

Fundi Sibomana wa mtaa wa Rwezamenyo alishona kanzu, magauni na mapazia. Mtaa mzima ulimjua kwa mkono wake mzuri. Alipomuoa Swafiya, alishona mwenyewe chandarua cha kitanda cha harusi. Kilikuwa cheupe, chenye lesi pembeni. Ili shuka iliyodariziwa ionekane, alikikata kikaishia juu ya godoro. Wageni walichungulia chumbani, wakasifu. Nasema kweli, kitanda kile kilivaa vizuri kuliko wenye nyumba.

Wakapata mtoto, Mwamini. Alipoachishwa ziwa, alihamia kwa bibi yake, Nyirarukundo, mama wa Sibomana. Ndiyo desturi yao. Bibi na mjukuu walilala chumba cha pili, kwenye godoro dogo lisilo na chandarua. Hakuna aliyeona kosa. Chandarua kilikuwa heshima ya baba mwenye nyumba. Akija mgeni mkubwa, alipewa yeye kitanda hicho.

Mvua zilipoanza, Mwamini alishikwa na homa. Alitetemeka, akatapika, akakataa hata uji. Jirani yao Mukagasana, muuguzi wa dispensari, alimgusa paji la uso.

"Swafiya, beba mwana. Twende sasa hivi."

Dispensari walipima damu. Ilikuwa malaria. Mwamini alipewa dawa, akapona, lakini damu yake ilikuwa imepungua sana. Swafiya alirudi nyumbani na hofu moyoni.

Baadaye Mukagasana alikuja kumjulia hali mtoto.

"Ni ile mvua," bibi alisema. "Ilimnyeshea mwana."

"Oya, hapana, Nyogokuru," Mukagasana alimwambia bibi. " Mvua haina malaria. Iko mbu. Anauma mgonjwa, kisha anauma mwingine na kumwachia malaria. Tena anauma usiku, tukiwa tumelala. Mwana iko analala ndani ya chandarua?"

Bibi alitikisa kichwa. Swafiya akamwonyesha chandarua cha harusi. Mukagasana alikisifu kwanza, maana kilikuwa kizuri kweli. Kisha akainama, akapitisha mkono chini ya lesi.

"Fundi, mlango huu umemwachia nani?"

Sibomana alicheka, lakini aibu ilimshika. Mukagasana akaendelea kumweleza.

"Chandarua kifike chini, kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kikitoboka, shona mara moja. Na kama kiko kimoja, mwana alale ndani kwanza. Sisi wakubwa tunaugua pia, lakini mwana mdogo malaria inamuua upesi. Akipata homa nyingine na damu hii ndogo... sitaki kusema."

Sibomana alikuna kichwa. "Lakini watu watasema nini? Baba mwenye nyumba alale bila chandarua?"

Swafiya alimtazama mumewe. "Baba Mwamini, wakija hapa kwenye msiba, watasema nini?"

Sibomana aliinuka. Alikifungua chandarua, akakipeleka kwenye cherehani. Aliongeza kitambaa cha marekani upande wa chini, pande zote. Lesi alizibandua. Jioni alikining'iniza juu ya godoro la bibi, akakichomeka vizuri.

Kabla mvua hazijaisha, aliwasili mgeni kutoka Cyangugu. Alikuwa mzee Bizimana, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Sibomana. Huyu hakuna aliyethubutu kumwambia hapana. Baada ya chakula alioneshwa kitanda. Akakitazama juu mpaka chini.

"Sibomana, chandarua yangu iko wapi? Au heshima yangu iliisha hapa?"

Swafiya aliona mumewe anageuka kuelekea chumba cha pili. Alijua anakwenda kukifungua chandarua.

Nyirarukundo akasimama mlangoni, akamzuia mwanawe.

"Shemeji," alimwambia mzee, "chandarua iko na Mwamini. Njoo umwone."

Mzee aliingia. Mtoto alikuwa amelala kimya ndani ya chandarua, mashavu bado membamba.

"Malaria ilitaka kutunyang'anya huyu," bibi alisema. "Sasa chandarua hakitoki hapa. Wewe nitakupa blanketi nzito, na kesho nitakupikia pilau."

Mzee Bizimana aliinama kumtazama mtoto. Kisha akacheka.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nije, mwana augue? Oya! Lete hilo blanketi." Akamgeukia Sibomana. "Na wewe fundi, nishonee kama hiki niende nacho. Nami iko na wajukuu."

Sibomana alishona cha mzee. Halafu akashona kingine cha kitanda chake na Swafiya, kirefu, bila lesi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na mbu pia. Mwamini hakurudi dispensari kwa homa. Alinenepa, akaanza kukimbizana na kuku uani. Bibi yake ana lalamiko moja tu: mtoto amepata nguvu mno, anampiga mateke usiku kucha ndani ya chandarua.