Sabuni Ndani ya Mlango

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mashamba ya mizabibu Stanija alipoingiza gari uani kwa kaka yake, Slavoljub, fundi wa redio za magari. Mkono mmoja usukani, mwingine tumboni. Mimba hii ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Na hii nayo, tangu asubuhi, ilikuwa imetulia mno.

"Kaka, spika ya mlango wangu inakoroma. Kama mzee aliyelala na meno ya bandia."

"Kwa unavyoendesha, hata viti vitakoroma. Shuka ukae, kahawa ipo."

"Wifi je?"

"Persida? Ameitwa kuosha maiti kwa jirani. Si unajua, kijiji hiki watu hawafi bila yeye."

Stanija akacheka kidogo, akajishika kiuno.

Slavoljub akahamishia sauti yote upande wa dereva. Mkoromo. Akang'oa jalada la mlango, akaitoa spika, akafunga pale ile nzima ya upande wa abiria.

Nayo ikakoroma.

Ile mbovu, alipoipeleka upande wa pili, ikaimba vizuri tu. Basi ugonjwa haukuwa kwenye spika. Ulikuwa mlangoni.

Akazikagua nyaya pale zinapojikunja kwenye bawaba. Nzima. Akazichomoa kabisa, achukue betri ndogo, agusishe spika asikie kama italia. Betri alikuwa bado hajaigusa.

Spika ikapumua.

Ndani... nje... Ndani... nje...

Kisha harufu. Mafuta yaliyochacha na maua ya kaburini yaliyooza. Akabandua nailoni ya ndani ya mlango, ambayo aliibandika mwenyewe kwa gundi nyeusi siku alipofunga spika hizo. Gundi haikuguswa, alama ya dole gumba lake bado ilikuwapo. Akapenyeza mkono.

Vidole vikazama kwenye kitu laini. Chenye nywele.

Kilikuwa kipande cha sabuni ndani ya kitambaa. Joto la kiangazi lilikuwa limekiyeyusha, ute wa njano ukachuruzika hadi kwenye spika. Humo zilikuwa zimenata kucha zilizokatwa na nywele nyekundu, nyekundu kama za Stanija. Slavoljub akainama, akatapika kahawa yote.

Katika bonde lile hakuna asiyejua. Sabuni iliyoosha maiti huzikwa na maiti. Anayeiba kipande humfichia mtu, na sabuni inavyoyeyuka, ndivyo na yeye anavyokwisha, yeye na kilicho tumboni. Dawa ni mto. Unaibeba kimya. Ukiitwa njiani ukaitika, ukitamka neno moja tu, umeharibu.

"Kaka, umepata nini?"

Akafumba mdomo, akaibeba kuelekea mtoni. Ute ule ulikuwa wa vuguvugu, ukimtambaa hadi kiwikoni.

"Slavoljub..."

Sauti ya dada yake, nyuma yake kabisa.

"Kaka... mtoto anatoka... kaka, nakufa!"

Akauma ulimi hadi akaonja damu. Hakugeuka. Akaitupa mtoni, maji yakaimeza, naye akarudi mbio huku machozi yakimtoka.

Stanija alikuwa amekaa palepale, kikombe mkononi.

"Una nini wewe? Nakuuliza, unaniacha kama mjinga!"

"Hukuniita njiani?"

"Nikufuate na miguu hii iliyovimba?" Mara akashtuka, akashika tumbo. "Kaka... anacheza. Anacheza!"

Walilia wote wawili, wakacheka. Slavoljub akarudisha nyaya, spika ikaimba safi.

Ndipo Persida akaingia getini na kitambaa chake cheusi kichwani. Ndoa yao ilikuwa ya miaka mingi, na nyumba haikuwahi kusikia kilio cha mtoto. Akautazama mlango uliofunguliwa, akatazama nailoni iliyobanduliwa.

"Umechafuka, mume wangu. Njoo unawe."

Akammiminia maji, akatoa sabuni mfukoni mwa aproni. Slavoljub akasugua kwa nguvu, hamu yake ni kuutoa ule ute tu. Povu lilikuwa limeshajaa mikononi alipoiona vizuri. Ilikuwa mpya, ya maiti ya jirani, na ilikuwa imekatwa katikati kwa kisu.

Akakumbuka gundi isiyoguswa: ile ya mlangoni iliwekwa kabla hajabandika nailoni. Siku ile, aliyemshikia taa alikuwa Persida.

"Nusu nyingine..." alinong'ona. "Nusu nyingine iko wapi?"

Persida alikuwa ameshampita. Alikuwa amemwinamia Stanija, akimpongeza, akimpapasa tumbo.

"Ngoja, wifi, una unywele hapa begani."

Akauzungushia kidoleni taratibu, akautia mfukoni.